Manyanga ya Bibi na Kaseti ya Mama

Betri zilizoanikwa juani zina harufu yake. Si ya chuma hasa, wala si ya kitu kilichoungua. Ni kama harufu ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu na kiganja chenye jasho. Vijana wa leo hawaijui. Lakini mtu wa rika langu, aliyekulia kwenye nyumba yenye redio na isiyo na umeme, akiinusa tu atakumbuka dirisha fulani ambako betri zilipangwa tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kumalizia jioni.

Juzi nilipita kwenye gulio la Mkata. Nilikuwa naelekea Korogwe kwa shughuli ya binti yangu na sikutakiwa kusimama popote, lakini mimi ni mtu wa magulio, na gulio likiwa limefunguliwa miguu yangu hainisikilizi. Nikatandika turubai, nikapanga vitenge. Jirani yangu siku hiyo alikuwa kijana anayeuza spika ndogo za kuchaji kwa jua. Ili watu waamini kwamba zinalia, aliweka wimbo mmoja baada ya mwingine, nyimbo za sasa ambazo mimi zinanipita tu sikioni. Halafu, nadhani kidole chake kiliteleza, ukaanza wimbo nilioutambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Nikabaki na kitenge mkononi. Haukuwa ule uliokuja baadaye, ule ulioimbwa upya ukapigwa kila kona. Ulikuwa wa kwanza. Wa mama.

"Samahani mama, huu wa kizamani," kijana akasema. "Ngoja niutoe."

"Ukiutoa nahamisha turubai langu."

"Kumbe mama nawe ulikuwa mtu wa disko?"

"Acha uishe, nitanunua spika."

Akacheka akauacha. Nikasimama pale kwenye vumbi na jua la Mkata, na puani mwangu ikaja harufu ya betri.

Tuliishi Old Korogwe, mama na mimi, chumba kimoja na kibaraza. Mto ulikuwa karibu, kiasi kwamba ukijaa, harufu ya matope ililala na sisi. Upepo ukigeuka ulileta uchachu wa makapi ya mkonge kutoka mashambani. Barazani palikuwa na cherehani ya miguu ya mama, na kwenye kiti kando yake redio kaseti iliyovalishwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Alikuwa fundi wa nguo za kike na sare za shule. Redio ile alikuwa nayo tangu usichana wake, kabla hajaolewa, wakati alipokuwa akijifunza kushona palepale Korogwe na Jumamosi akienda na wenzake kucheza disko ukumbini. Baadaye aliolewa na baba yangu kijijini kwao Kang'ata, akaacha disko, akashika jembe. Baba alipooa mke mwingine na kumpa mama talaka, watu wote walitegemea kwamba angehamia kwa bibi, mama yake, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya shamba. Mama akabeba redio kichwani na mimi mgongoni, akapanda lori la mahindi, akarudi Korogwe. Kang'ata walisema amekwenda kupotea.

Kaseti zilikuwa kadhaa, lakini wimbo ulikuwa mmoja. Ulianza polepole, kama mtu anayepanda ngazi huku amejishika kiuno, halafu ngoma ikaingia, mapigo ya sawasawa yasiyochoka, na juu yake sauti ya mwanamke iliyopanda bila kuomba ruhusa. Mama alipousikia mguu wake ulibadilika. Cherehani ilifuata mapigo, sindano ikafuata cherehani, na mshono wa wakati ule ulinyooka kama barabara ya Segera. Wateja wengine walijua. Walikuwa wakimwambia, "Fundi, langu nishonee kwa ule wimbo wako."

Kiingereza sikujua, na mama alijua kidogo. Siku moja nilimuuliza, "Anasema nini huyu?"

"Anajisifu."

"Anajisifu nini?"

"Kwamba anaweza."

"Anaweza nini?"

Mama akakata uzi kwa meno. "Wewe taja kazi yoyote."

Nikataja kuchota maji mtoni. Anaweza. Kupalilia. Anaweza. Kumshika mbuzi aliyekata kamba. Mama akasema hiyo ndiyo kazi yake hasa. Basi nikampata mwimbaji wangu kichwani: mwanamke mnene, kanga kiunoni, kilemba cheusi, meno mawili yametoka mbele. Yaani nilimpa sura ya bibi yangu, kwa sababu katika dunia yangu mwanamke aliyejisifu hadharani watu wakamwitikia alikuwa mmoja tu.

Hapa inabidi nieleze jambo la Kang'ata. Msichana alipokua aliwekwa ndani siku chache, akafundwa na wanawake, na siku ya kutoka alisimamiwa mlangoni na mtu wa upande wa mama yake mwenye manyanga, vile vibuyu vidogo vyenye mbegu vinavyotikiswa. Huyo ndiye aliyeanzisha wimbo, na wimbo ulikuwa na mwenyewe. Wa bibi ulikuwa wa bibi. Aliurithi kwa mama yake siku ya matanga, na tangu hapo hakuna mwanamke mwingine aliyethubutu kuuanzisha, hata kwa utani, hata akiwa peke yake shambani. Kuitikia ni ruhusa. Kuanzisha wimbo wa mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi. Wakubwa hawakuyasema haya kwa kutisha. Waliyasema kama wanavyosema usifagie nje usiku. Bibi aliuimba kwa Kizigua, na maneno yake kwa Kiswahili ni kama hivi:

*Mahindi nimepanda mimi,*
*ngedere nimefukuza mimi,*
*leo sufuria inachemka,*
*mwauliza mpishi nani?*

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba bibi yangu na yule wa kwenye kaseti wanafahamiana.

Turudi kwenye betri. Zilipoanza kuisha, wimbo ulizeeka. Sauti ya yule mama wa kwenye kaseti ilishuka, ikawa nzito, ikaburuta maneno, mpaka ikafanana na ya mzee anayeitwa usingizini. Mimi nilidhani amechoka. Ilikuwa mantiki kabisa: ameimba tangu asubuhi, na hajala. Mama alizitoa betri, akanipa nizipange dirishani, na kesho yake sauti ilirudi ikiwa changa. Kwangu ile haikuwa habari ya betri. Yule mama alipewa nafasi akapumzika juani, kama bibi alivyokuwa akijinyoosha kwenye mkeka baada ya mavuno.

Nikiwa darasa la tano ikatokea siku ambayo jua halikusaidia. Sauti ilishuka, ikashuka tena, ikatoa mlio mmoja kama wa mbuzi, kisha kimya. Mama alipofungua kimlango, mkanda ulitoka umejikunja kama utumbo wa kuku. Redio ilikuwa imekula kaseti. Mama alichukua kalamu, akaizungusha kwenye tundu la kaseti kidogo kidogo, mkanda ukakatika. Akaifunga kaseti kwenye kipande cha kanga akanipa.

"Mpelekee Fundi Saidi. Mwambie taratibu."

Fundi Saidi alitengeneza redio kwenye kibanda karibu na stendi. Alikuwa mtu wa maneno, na vyombo vyote kwake vilikuwa wagonjwa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umeniletea mgonjwa gani leo?"

Nikakifungua kitambaa. Akatazama, akaguna kama mganga.

"Huyu amekatwa koo. Nani kamfanyia hivi?"

"Redio."

"Redio ya mama yako inakula kuliko wewe."

Wakati ananiambia hayo, redio kubwa ya pale kibandani ilikuwa inapiga muziki, na ghafla nikasikia ngazi zile zile zinapandwa. Nikatabasamu. Halafu sauti ikaingia, na haikuwa yake. Ilikuwa nyororo zaidi, yenye nguvu zaidi pale juu, na ngoma ilikuwa imeongezewa kitu kilichogonga kifuani. Maneno yalikuwa yale yale. Mtu mwingine alikuwa ndani ya wimbo wa yule mama, anafungua milango yake, anakalia viti vyake.

"Fundi, huyu nani?"

"Huyu mpya. Ndiye anayepigwa kila mahali sasa, hata kwenye mabasi ya Arusha."

"Na yule wa kwanza?"

Fundi alikuwa ameshika selotepu kwa meno. "Mimi nitajuaje habari zake? Wimbo umepata mwenyewe mpya."

Sijui kama mtaelewa uzito wa maneno yale kwa mtoto mwenye bibi kama wangu. Yote yalikuwa mbele yangu: sauti iliyozidi kuchoka, koo lililokatika, na sasa mwingine anauimba hadharani bila hofu, redioni, nchi nzima ikisikia. Katika ulimwengu nilioujua jambo hilo lilikuwa na maana moja. Yule mama alikuwa amekufa, na matanga yalikuwa yamekwisha.

Nilirudi nyumbani na kaseti iliyoungwa, nikiwa nimejifunika kanga kichwani kama mfiwa. Sikumwambia mama. Niliona hana mtu mwingine wa kumwondolea upweke pale barazani, na kumpa msiba juu ya kazi za sare za kufungulia shule halikuwa jambo la mtoto mwenye adabu. Akaiweka kaseti, wimbo ukaruka mahali palipoungwa kama mtu anayeruka dimbwi, mama akacheka, akakanyaga. Mimi nikakaa chini ya cherehani nikiokota vipande vya vitambaa na kumlilia marehemu kimyakimya. Huyo mpya nilimchukia, nakiri, ingawa kila nilipopita kwa fundi nilijikuta nasimama mpaka amalize.

Likizo iliyofuata bibi alituma mtu. Niletwe Kang'ata, wakati wangu umefika.

Tulimkuta amekonda. Mvua zilikuwa zimemwachia kikohozi kisichotoka, na sauti yake, ile ya kuitisha watu kutoka shamba la tatu, ilikuwa imebaki upepo. Nikapiga magoti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu," akanong'ona. Ndivyo alivyonitania siku zote. "Umekuja kuninyang'anya mume, na babu yako alishakufa?"

Siku za ndani sitazieleza. Mambo mengine ni ya wenyewe. Nilikaa kwenye chumba chenye harufu ya moshi na mafuta ya nyonyo, nikitazama chini, nikifundwa namna ya kukaa, kusalimu na kunyamaza. Kunyamaza kulinishinda kidogo. Mlango ulikuwa wa mbao zilizoachana, na alasiri ya kutoka kwangu niliyaona na kuyasikia yote ya uani.

Wanawake walikuwa wamejaa. Manyanga ya bibi yalikuwa kwenye ungo, na bibi mwenyewe amekaa kwenye kigoda, mkono kifuani. Shangazi Zaina, dada yake baba, alikuwa amesimama katikati. Shangazi alikuwa mwanamke wa haki, ila haki yake aliitembeza kwa sauti ya juu.

"Jamani, bibi hana sauti," akasema. "Tusidanganyane. Tumlete kungwi wa kijiji cha pili, aje na wimbo wake, mtoto atoke tukapike."

"Mwanangu atoke kwa wimbo wa kuazima?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama. "Wifi, huyu ni mjukuu wa nani?"

"Sasa nani auanzishe? Wewe? Mwenyewe yuko hai, huyo hapo anatutazama."

"Najua yuko hai. Ndiye aliyenizaa."

"Na kingine, wifi, usikasirike. Mwali husimamiwa mlangoni na mwanamke aliyetulia kwake. Wewe kwako wapi? Kwenye cherehani?"

Wanawake wengine wakacheka. Niliona mgongo wa mama ukinyooka. Alikuwa amevaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku ile, bluu, mshono wake wote wa ule wimbo. Nilijua anachotaka. Alikuwa amekitaka tangu alipopanda lori la mahindi: asimame mlangoni kwa mwanawe, mbele ya watu waliosema amepotea. Akirudi Korogwe bila hicho, maneno yao yatabaki kweli.

"Kwangu," mama akasema taratibu, "ni pale ambapo nikifunga mlango, ufunguo ninao mimi."

Halafu nikasikia manyanga.

Hayakutikiswa kwa mwendo wa bibi, ule wa kuyumba kama mtu anayetwanga. Yaligonga sawasawa, bila kuchoka, na mguu wa mama ukagonga chini pamoja nayo. Nikautambua. Ulikuwa mwendo wa barazani kwetu. Mama akafungua mdomo, akauanzisha wimbo wa bibi, bibi akiwa amekaa pale pale mbele yake.

*Mahindi nimepanda mimi,*
*ngedere nimefukuza mimi…*

Ndipo nikaelewa kila kitu, na nikakielewa vibaya. Nikamwona bibi aliyebaki upepo. Nikakumbuka sauti inayoshuka, mkanda unaokatika, mwenyewe mpya. Mama anamwua bibi mbele ya watu na hajui. Wanawake waliokuwa nami wakanidaka kanga ikabaki mikononi mwao. Nikausukuma mlango, nikatoka, mwali mzima kichwa wazi, kabla ya kuitwa, kabla ya kuitikiwa, nikamrukia mama na kumziba mdomo kwa viganja viwili.

"Usiimbe mama. Bibi atakufa."

Kuku waliokuwa uani walisikika wakipekua. Mwali haongei siku ya kutoka, sembuse kukimbia. Shangazi Zaina aliweka mkono kichwani.

Bibi akaniita kwa kidole. Nikaenda nikapiga magoti, na kilio kikanitoka chote.

"Nani kakwambia nitakufa?"

"Yule mama wa kwenye kaseti alikufa. Sauti yake ilichoka, ikakatika. Sasa kuna mwingine anauimba wimbo wake redioni. Nimemsikia mwenyewe kwa Fundi Saidi."

Wanawake wakatazamana. Mama alikuwa bado ameshika manyanga, na nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka akainama.

"Mwanaidi," akasema akifuta machozi, "yule hajafa. Wazungu na Wamarekani huimba wimbo wa mtu naye yupo. Mwenyewe anakaa kwake anausikiliza. Na mimi huo mpya nimeusikia, tena ni mtamu."

"Yupo?"

"Yupo, anakula."

Bibi akauliza kwa ile sauti yake ya upepo, nasi wote tukainama kusikia.

"Huyo wa pili, anauimba vizuri?"

Ilibidi niseme kweli, maana nilikuwa mwali. "Anauimba vizuri, bibi. Ila ameubadilisha kidogo."

"Na watu wanaitikia?"

"Nchi nzima."

"Basi wale wana akili kutushinda," bibi akasema. "Mama yangu aliniachia huu wimbo siku anazikwa. Mpaka leo sijui kama ninauimba alivyotaka. Nikifa ndipo mwanangu auimbe, nani atanieleza kama kauharibu?"

Akanyoosha mkono, mama akampa manyanga. Bibi akayatikisa mara moja, kwa mwendo wake ule wa zamani, kila mtu akasikia. Kisha akamrudishia mama mikononi na kuifunga mikono yake juu ya ile ya mama.

"Shika. Nimekupa mbele za watu, na mimi nipo. Endelea, nisikie."

Mama hakufuta hata machozi. Akasimama mlangoni. Mimi nikarudishwa ndani haraka, nikafunikwa kanga, nikatolewa upya kana kwamba sikuwa nimetoka. Akauanzisha tena kwa mwendo ule ule wa disko, na alipofika ubeti wa pili akaweka maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia Kang'ata:

*Sindano nimetunga mimi,*
*sare nimeshona mimi,*
*leo watoto wanakwenda shule,*
*mwauliza fundi nani?*

Mwanzoni hakuna aliyeitikia, maana hawakujua pa kuingilia. Nilikuwa natazama chini kama nilivyofundishwa, kwa hiyo nilichokiona kwanza ni miguu. Mguu wa Shangazi Zaina ndio uliotangulia. Uligonga, ukasita, ukagonga tena, na mdomo wake ukafuata mguu. Wengine wakamfuata yeye. Vumbi likapanda mpaka magotini. Sijawahi, katika magulio yote niliyozunguka na sherehe zote nilizoalikwa, kuona wanawake wakicheza hivyo mchana wa jua kali bila spika hata moja. Nilikuwa ndani ya kanga, napumua kitambaa kipya, na nilitamani wale wenzangu wa darasani Korogwe waliokuwa wakiniuliza baba yako yuko wapi waje waone mama yangu yuko wapi.

Ulipoisha, bibi alikohoa akatoa hukumu. "Umeukimbiza kama basi la Dar."

"Ndiyo mama."

"Lakini umefika."

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kikohozi kilikwisha, sauti ikarudi nusu, na kila mwali alipotoka yeye alikaa kigodani akiitikia kwa nguvu na kumkosoa mama bila huruma. Mimi waliniita Mwali Kajitoa. Walisema mwali anayejitoa mwenyewe hatatulia popote, na hilo limekuwa kweli, ingawa sijui kama ni laana au ni namna nyingine ya kuwa na kwako. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikajua Kiingereza cha kutosha kuyaelewa maneno ya ule wimbo, nikakuta tafsiri ya mama ilikuwa sahihi. Anajisifu. Anaweza. Taja kazi yoyote. Na yule wa kwanza kweli alikuwa hai muda wote niliokuwa namlilia chini ya cherehani.

Nilifika Korogwe juzi hiyo nikiwa na vitenge ambavyo havijauzwa na spika moja. Mama sasa anakaa Kilole, hapo hapo Korogwe, kwenye nyumba aliyoijenga kwa sindano, na ndiye aliyemlea binti yangu Rehema muda wote mimi nikiwa barabarani. Magoti yamemkataa, cherehani ameifunika. Nikampa spika nikamwekea ule wa kwanza. Akasikiliza amefumba macho, kisha akainuka polepole, akaipeleka dirishani kwenye jua, pale ambapo zamani zingekaa betri.

Shughuli ya Rehema ilikuwa ya kumfunda kabla ya ndoa, ukumbini, viti vimefungwa utepe, MC ana kipaza sauti. Mlangoni binti mmoja aliyevaa sare ya kamati alinizuia kwa upole.

"Karibu mama. Wewe ni mgeni wa upande gani?"

Nikamwambia mimi ni mama wa bibi harusi. Akaona aibu, akaniomba radhi, na nilimwambia si neno. Lakini neno lile lilikaa nami, na nilipoketi nilisikia nyuma yangu wanawake wakinong'ona: ndiye yule, wa magulio, mtoto kalelewa na bibi yake.

Rehema alipoletwa mlangoni, MC aliweka ule wimbo, ule wa pili, wenye kugonga kifuani. Mama akainua mkono.

"Mwanangu, zima kwanza."

MC akauzima. Mama akafungua mkoba wake, akatoa manyanga. Yalikuwa yamepigwa rangi na vidole vya bibi, vya mama yake bibi, na vya mama, nyeusi ya mafuta. Sikuwa nimeyaona kwa miaka. Nikajua atauanzisha, nikajiandaa kuitikia.

"Mwanaidi," akasema. "Njoo ushike."

"Mama, wewe upo."

"Ndiyo maana nakuita."

Nilitembea kutoka kiti changu mpaka kwake, safari ndefu kuliko ya kwenda gulio la Mombo. Nikashika. Vibuyu vilikuwa vyepesi kuliko nilivyofikiri. Sikuwa na mwendo wa bibi, na mwendo wa mama si wangu. Mimi nimejifunza kutembea na mzigo kichwani, nikianza alfajiri, nikipumzika, nikiendelea. Basi nikayatikisa hivyo. Nikaanza na mahindi, nikapita kwenye sindano. Halafu nikamwona yule binti wa mlangoni, na ubeti ukaja wenyewe:

*Njia nimezikanyaga mimi,*
*magulio nimezunguka mimi,*
*leo nimesimama mlangoni,*
*mwauliza mgeni nani?*

Wa kwanza kuitikia alikuwa Rehema, chini ya mtandio wake, na mwali haongei. Nikacheka nikiwa naimba. Ukumbi ukaingia, wale wa nyuma yangu nao wakaingia.

Nilipomaliza nilipiga magoti mbele ya mama kumrudishia manyanga. Hakuyapokea.

"Umeuchelewesha," akasema.

"Nilikuwa njiani, mama."

Akanitazama, akatikisa kichwa kama bibi alivyokuwa akitikisa, halafu akageuka kumwangalia mjukuu wake. Chini ya kiti, mguu wake wa kulia ulikuwa bado unakanyaga.